Masere na Mto Wenye Tundu

Mtu aliyeona makalio mengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu ni mtawa. Si daktari, si muuza suruali, ni mtawa wa Kikatoliki, Mbelgiji wa Kiflemi, mwenye miwani mikubwa na sweta la kijivu ambalo sijawahi kuliona limefuliwa wala kuliona chafu. Alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka thelathini kwenye hospitali ya misheni huko Kivu, na aliporudishwa Ubelgiji kustaafu akaona kustaafu ni kazi ya wavivu. Akaanzisha darasa la wajawazito, kila Jumatano alasiri, kwenye ukumbi wa parokia pale Saint-Josse, kwa Kiswahili. Wakongo walimwita Masere, ndivyo wanavyolitamka neno la Kifaransa la kumwita mtawa, nami nikafuata. Jina lake nalijua. Silitumii hapa, kwa sababu akisikia atanichapa na mwavuli.

Darasa lilikuwa la uzazi kwa jina tu. Kabla dakika kumi hazijaisha, mazungumzo yalikuwa yameshageuka na kuingia mlango wa nyuma.

"Mutoto anatokea mbele," alikuwa akisema, "bon, bantu bote banafikiria mbele. Nani anafikiria nyuma? Ni mimi peke yangu."

Makalio yake mwenyewe, hata hivyo, hayakuwahi kuonwa na mtu, na alikuwa tayari kufa ili yabaki hivyo. Sitii chumvi. Mwezi uliopita nilimwekea miadi kwa daktari bila ruhusa yake, na kwa siku tisa nilitembea na kikaratasi cha miadi kwenye mkoba, nikijiuliza kama mwanamke aliyeniokoa mimi na mwanangu kwa maswali matatu angekubali naye kuulizwa hayo hayo matatu. Nitafika huko. Kwanza nieleze alivyo, maana msipomjua mtaona nilimvunjia heshima.

Mimi ni mtu wa Kigoma, fundi cherehani. Duka ninalofanyia kazi liko nyuma ya ukumbi ule. Tunapunguza suruali, tunabadilisha zipu, tunapanua magauni ya harusi ya watu waliojikadiria vibaya. Kazi yote ni ya kukaa. Mimba yangu ya kwanza ilipofika mwezi wa sita, nilikuwa nakaa saa nane kwa siku, nakunywa maji vikombe viwili ili nisisumbuke kupanda ngazi za chooni, nameza vidonge vya kuongeza damu vinavyokausha tumbo mpaka unakwenda haja siku ya tatu, na nikienda nasukuma kama watu wanaosukuma lori lililokwama. Mtu akiniuliza nani aliniletea bawasiri, naweza kumwonyesha saini yangu.

Ujauzito una mambo ambayo watu hukupongeza. Ukitapika wanakuonea huruma, ukivimba miguu wanakupisha kiti kwenye tramu. Lakini hakuna wifi atakayekupigia simu kuuliza, vipi, kule nyuma kunaendeleaje? Kinyama kimetokeza, kinawasha, kinachoma, ukijipangusa karatasi inatoka na damu, na wewe unatabasamu mbele ya wateja ukiwapima viuno. Mume wangu, mtu mwema wa Tanga asiyejua kitu, aliona nakula nimesimama akadhani ni mila ya watu wa Kigoma. Siku ya pili na yeye akala amesimama, kwa heshima.

Nikajishonea dawa. Sponji ya kochi kuukuu, kitenge cha rangi ya chungwa, tundu katikati upana wa sahani, pindo nimelipiga mara mbili. Ulikuwa mto mzuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine atakayesema. Maman Odette, msusi wa nywele mwenye saluni mkabala na duka letu, mzaliwa wa Bukavu na mama wa watoto watatu, aliuona akaelewa kila kitu bila kuambiwa, akanikokota Jumatano hiyo hiyo hadi kwa Masere. Niliingia na mto wangu kwapani, nikauweka kwenye kiti, nikakaa kama malkia.

Masere hakuniuliza jina.

"Weye maman, unakalia nini?"

"Mto, Masere."

"Lete."

Aliugeuza huku na huku, akaingiza ngumi kwenye tundu, akawaonyesha wanawake wote waliokuwapo.

"Alors, muangalie. Muntu anakaa hapa, nyama ya nyuma inaanguka mu shimo, damu inakusanyika kule kule, inavimba. Ni muzuri kwa macho tu. Hii nakamata."

"Utanirudishia lini?"

"Ukizaa."

Hakunirudishia. Nilizaa, mtoto akaota meno, akaanza shule, na kila nilipouliza aliniambia aliutupa. Badala ya mto aliniamuru niamke kwenye cherehani kila nusu saa nitembee mpaka mlangoni na kurudi. Mwenye duka, Mturuki mpole, kwa wiki nzima alidhani kuna mtu ninamdai namvizia atokee.

Mafundisho yake yalikuwa machache na aliyarudia kama rozari. Maji, na kabla kiu haijaja. Maharage, sombe, yaani kisamvu, mkate wa unga usiokobolewa, plamu kavu tatu kila asubuhi. Choo kikiita uende, usikiambie kisubiri mteja aondoke. Ukifika usikamue, kama haitoki, vaa nguo zako utoke wewe. Dakika tano, na simu ibaki mezani. "Choo haiko salon," alisema, akimaanisha sebule. Pakiuma, kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi, maji matupu, bila chumvi wala dawa ya kusafishia sakafu, na alitaja dawa ya sakafu kwa sababu kuna aliyeijaribu. Vidonge vya damu usiviache kwa hasira, mwambie mkunga wako akutafutie vya aina nyingine. Marhamu usijipake tu kwa kuwa ilimfaa shangazi yako. Na ulale upande wa kushoto, ili tumbo lisiulalie mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Hilo la kushoto lilikuwa wazimu wake. Kila darasa liliisha kwa sisi kutandikiwa mikeka na kuamriwa kulala. "Kushoto! Weye, hiyo ni kuume. Kushoto ni ile ingine." Siku moja msimamizi wa ukumbi, mzee wa Kibelgiji asiyejua neno la Kiswahili, alikuja kudai ufunguo akajikuta naye yuko chini, magoti amekunja, ubavu wa kushoto. Alilala robo saa. Aliamka anashukuru.

Sasa, mwanamke huyu aliyetugawia plamu kama komunyo sikuwahi kumwona akila hata moja. Chakula chake kilikuwa mkate mweupe na jibini, na kahawa nyeusi juu yake. Maji alisema ni ya kuogea. Akienda chooni mwenyewe alikwenda na gazeti la parokia, na tulikuwa tunamaliza kunywa chai na kuosha vikombe hajarudi. Tuliambiana kwamba anasali.

Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa wa kimisheni, ule wa kuingia nyumbani kwako na kufungua sufuria. Wengine waliuvumilia. Maman Odette hakuuvumilia, na alikuwa na haki yake, kwa sababu mtoto wake wa kwanza alimzalia kwenye hospitali ile ile ya Masere, mikononi mwa Masere huyo huyo.

Ilikuwa siku ya vigoda. Masere alikuwa amepata mahali vigoda vidogo vya plastiki, vya rangi ya waridi, akatugawia kila mmoja chake. Ukikaa chooni unaweka miguu juu yake, magoti yanapanda, njia inanyooka, huna haja ya kusukuma. Alionyesha mfano akiwa ameketi kwenye kiti cha ukumbi, sketi ameikunja vizuri, uso mzito kama anasoma Injili. Maman Odette akainua mkono.

"Masere, pardon. Kule maternité, mutoto yangu wa kwanza, nilitaka kuchuchumaa nimuzae. We ulinipiga ku mapaja na kitambaa, ukasema ni mambo ya pori. Ukanilalisha ku mugongo kama muntu amekufa. Sasa leo unatupatia kigoda juu tuchuchumae?"

Mimi nilianza kutafuta viatu vyangu.

Masere alivua miwani akaifuta kwa sweta. "Ni kweli," alisema. "Banatufundisha vile ku école, na siye tulikuwa bajinga. Nilikosa, Maman Odette. Mara mingi sana."

"Banamuke ngapi?"

"Sikuhesabu. Kama ningehesabu, singelala." Akavaa miwani. "Bon. Weka miguu ku kigoda."

Maman Odette akaweka. Alinung'unika mpaka mwisho wa darasa, lakini kigoda hakukirudisha, na najua kipo chooni kwake saluni hadi leo, kwa sababu nimekikanyaga.

Msidhani Maman Odette alikuwa mshindi siku zote. Alikuwa na tiba yake ya bawasiri, ya urithi: ile pea ya mpira ya kujisafishia tumbo, poire wanavyoiita, unaijaza maji ya moto kiasi, tangawizi ya kusaga na pilipili, halafu unajipeleka mwenyewe pasipopelekeka. Ilimponya mama yake, ilimponya bibi yake, na kwa maelezo yake ilimponya hata chifu. Mimi, msichana wa sekondari niliyefaulu biolojia, nilikubali. Ndivyo maumivu yanavyomfanya mtu. Tangawizi nilikuwa nimeshaisaga, poire yake iko kwenye mkoba wangu, nikapita darasani kwanza ili nisipoteze mahudhurio.

Masere alinusa hewa. "Nani anapika hapa?"

Alizunguka viti mpaka akafika kwangu, akafungua mkoba wangu bila kuomba, akaitoa poire akaiinua juu kama padri anavyoinua kikombe.

"Hii ni ya nani?" Halafu, bila kusubiri: "Maman Odette. We ukijikata kidole, unatia pilipili?"

"Hapana, Masere."

"Juu ya nini?"

"Itauma."

"Bon."

"Lakini inatosha uchafu, Masere! Inatosha yote!" Kutosha, kwao, ni kutoa.

"Hata moto inatosha bantu mu nyumba," alisema Masere. "Huyu iko na mimba. Ukimuunguza tumbo, mutoto naye atatoka mbio."

Poire ilikamatwa kama mto ulivyokamatwa. Wiki iliyofuata tuliikuta dirishani, Masere akiitumia kumwagilia maua ya parokia.

Kuna jambo moja juu yake nililiona mapema na sikulielewa. Maneno yote haya, makalio, haja, kinyama, damu, aliyatamka kwa Kiswahili kwa sauti ya kuhubiri. Lakini akiingia mama yeyote wa Kibelgiji wa parokia, aghalabu kuleta biskuti, Masere alibadilisha lugha na mada kwa wakati mmoja, na ghafla tulikuwa tunajifunza kupika supu ya liki. Siku moja nilimuuliza bawasiri inaitwaje kwa lugha ya mama yake. Shingo ilimwiva nyekundu.

"Kwetu hatukusema mambo ile."

"Kwenu hamkuwa na choo?"

"Choo tulikuwa nayo. Maneno ndiyo hatukuwa nayo." Akageuka kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Maswali matatu ndiyo yaliyokuwa imani yake. Mwanamke akitaja damu, hata ya kujichoma sindano, aliyapokea kwa mpangilio ule ule: Rangi gani? Inatokea wapi? Tangu lini? Tulimwigiza. Saluni kwa Maman Odette mtu akivunja chupa ya mafuta, mwingine aliuliza rangi gani, inatokea wapi, tangu lini, tukacheka mpaka wateja wakatuonya.

Jumatano moja ya mwezi wa nane wa mimba niliingia nikamwambia kwenye korido, kwa sauti ya mtu mzoefu, kwamba ile bawasiri yangu leo imetoa damu nyingi kidogo, labda nimekaa sana.

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Mbichi."

"Inatokea wapi?"

Nikafungua mdomo. "Nyuma. Nafikiri."

"Unafikiri?"

Kwa tumbo lile sikuwa nimeona hata vidole vya miguu yangu tangu mwezi wa saba, ningeona wapi? Nilishazoea kuona damu kwenye karatasi na kuilaumu bawasiri, kama unavyomlaumu jirani yule yule kila kitu kikipotea.

"Damu haina carte d'identité, maman," alisema Masere, akinitupia koti langu. "Vaa manteau."

Aliliacha darasa zima mikononi mwa Maman Odette, jambo ambalo peke yake linaonyesha alivyoogopa. Ndani ya tramu alinishika mkono mpaka tukashuka. Hospitali walinilaza kitandani wakanipima, na kumbe bawasiri wala haikuhusika. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi, na damu ilikuwa inatoka mbele. Hawakuniruhusu kurudi nyumbani. Binti yangu alizaliwa kwa upasuaji siku chache baadaye, mdogo, mwenye kelele. Daktari aliniambia kwa upole kwamba ningesubiri nyumbani kuona kama itakata, huenda wangenipokea tumechelewa. Bawasiri zenyewe zilinywea wiki kadhaa baada ya kujifungua, bila kuaga, kama Masere alivyosema zitafanya.

Nampenda mwanamke yule. Naliandika hapa wazi kwa sababu sikuwahi kumwambia, na angejibu kwa kuniuliza kama nimekunywa maji.

Baada ya kuzaa sikuacha kwenda. Nilikuwa napanga viti, natandika mikeka, nashuhudia wengine wakinyang'anywa mito. Miaka ikaenda. Miaka hii ya karibuni Masere alifundisha amesimama, saa mbili nzima, na tukimpa kiti anasema viti ni vya wenye mimba. Tulisifu nidhamu ya kitawa. Mimi, niliyekula nimesimama miezi mitatu, nilikuwa mstari wa mbele kusifu. Kuna watu wana macho na hawaoni, na mmoja wao anaishi kwa kupima watu.

Mwezi uliopita alikosa Jumatano mbili. Alisema ni mafua. Nilimfuata Ganshoren, kwenye nyumba wanakokaa watawa wastaafu, mtaa mtulivu ambako hata mbwa wanabweka kwa kuomba radhi, nikamchukulia plamu kavu kwa kumkebehi. Alinifungulia mlango wa chumba chake, na jicho langu la fundi likafanya kazi kabla ya salamu. Sweta lilikuwa limempwaya. Ningelipunguza sentimita sita kila upande na bado lingebaki.

Dirishani kulikuwa na maua, na kando yake poire ya Maman Odette imejaa maji. Tulicheka kwa hilo. Kisha akainuka kunitengenezea kahawa, taratibu, ameshika mkono wa kiti, na kitambaa cheupe kilichofunika kiti kikateleza chini.

Rangi ya chungwa. Pindo nimelipiga mara mbili.

"Ulisema uliutupa."

"Nilisema uongo." Alikuwa amenipa mgongo. "Nimeungama."

"Padri ulimwambia ni kwa nini unaukalia?"

"Padri haikumuhusu."

Hapo nikaelewa vyote kwa mkupuo: kusimama, gazeti la parokia, kupungua. Nilikasirika. Na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na hofu kubwa kuliko hasira yenyewe.

"Kuna damu, Masere?"

"Ni bawasiri tu. Muzee anapata bawasiri."

"Rangi gani?"

"Usiniulize swali yangu."

"Inatokea wapi?"

"Kunywa kahawa yako."

"Tangu lini?"

Akachukua mwavuli ukutani akanionyesha mlango. Sikunywa kahawa. Nilisimama kituoni nikapiga simu, nikamwekea miadi kwa daktari mmoja karibu na Flagey, kando ya bwawa, mbali na Ganshoren ili asigongane na mtawa mwenziwe kwenye ngazi. Nilimchagua mwanamke, tena wa Kiflemi, nikijisifu kwamba nimemrahisishia: atajieleza kwa lugha aliyonyonya nayo. Nikamwandikia siku, saa na kituo, nikamwambia nitakuwa pale. Hakujibu. Hizo ndizo siku tisa nilizozitaja. Nilishona magauni mawili vibaya.

Maman Odette nilimweleza, kwa kuwa siwezi kubeba jambo peke yangu. Aliacha kichwa cha mteja kimesukwa nusu.

"Atakuya," alisema. "Atakuya kututukana, lakini atakuya."

Siku ya tisa mvua ilinyesha. Nilifika nusu saa mapema nikasimama kwenye kibanda cha kituo, nikahesabu tramu tano. Ya sita ikamshusha, amevaa sweta lile lile, mwavuli mkono mmoja, mkono mwingine mfuko wa dukani. Alinipa mfuko kabla ya kunisalimu. Ndani ulikuwamo mto.

"Nilisema ukizaa," alisema. "Umezaa."

Tulikwenda polepole, anasimama kila baada ya hatua chache akijidai anaangalia maji ya bwawa. Kwenye chumba cha kusubiri alisimama wima kando ya kiti kama askari. Nikauweka ule mto kwenye kiti. Alinitazama, akaketi. Sikusema kitu juu ya damu kukusanyika shimoni. Nilistahili sifa kwa hilo na sikupewa.

Tulipoitwa aliingia na mto kwapani. Daktari alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mchangamfu. Alimsalimu kwa Kiflemi, akamuuliza kwa Kiflemi nini kimemleta. Masere akatazama ukuta. Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, wanavyofanya kwa wazee. Masere akaufungua mdomo wake, yule mwanamke aliyehubiri habari za haja kubwa kwa miaka thelathini na zaidi, na halikutoka neno. Daktari akajaribu Kifaransa. Shingo ya Masere ilikuwa imeiva ile rangi ninayoijua.

Kisha akanigeukia mimi.

"Umwambie," alisema kwa Kiswahili, "iko damu ku choo."

Nikamwambia daktari kwa Kifaransa changu cha dukani. Daktari alinitazama mimi, akamtazama yeye.

"Bibi huyu si Mbelgiji?"

"Ni Mbelgiji."

"Hajui Kiflemi?"

"Anakijua kuliko kitu kingine chochote," nilisema. "Ila hili halina maneno kwa Kiflemi. Uliza tu, nitatafsiri."

Binti yule, nimsifu, hakucheka. Akachukua kalamu akauliza damu ina rangi gani. Nikatafsiri, ingawa Masere alikuwa ameshaelewa kabla daktari hajafika mwisho wa sentensi.

"Nyekundu. Ingine siku, nyeusi."

Inatokea wapi?

"Nyuma. Ile niko na uhakika. Mi sina mimba."

Tangu lini?

Alikuwa anavuta uzi uliofumuka kwenye pembe ya mto wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikumwambia mtu aache kuharibu kazi yangu.

"Tangu mutoto yako alianza kutembea," alisema.

Binti yangu ana miaka sita. Nilimwambia daktari: miaka mitano. Sauti ilinikatika kwenye mitano, daktari akanisogezea boksi la karatasi laini, na Masere akasema kwa ukali kwamba mgonjwa ni yeye.

Daktari aliandika, kisha akaeleza kwamba angependa kumpima sasa hivi, na kwamba baada ya hapo atamtuma hospitali akapigwe picha ya utumbo, wiki hii, si mwezi ujao. Nilitafsiri lote, neno kwa neno. Masere alivua sweta, akalikunja mara nne, akanikabidhi pamoja na miwani.

"Weye ubaki hapa. Usitoke."

"Sitoki."

"Na usiangalie."

"Siangalii."

Akaingia nyuma ya pazia. Nikakaa na sweta mapajani na mto miguuni, nikisikiliza kitanda kikilia na karatasi yake ikichanika. Daktari akavaa glavu, akafuata, na nikamsikia akitumia Kiflemi tena, pole pole kiasi cha mimi kuelewa, akimwomba bibi tafadhali alale ubavu, upande wa kushoto, magoti ayakunje.

Kisha ile sauti ya Jumatano, nzima, ikapanda juu ya pazia.

"Umwambie ninajua!"